Sharubati Iliyotoa Povu

Juzi nilirudi Mji wa Kale, Mombasa, kwa harusi ya mjukuu wa ndugu yangu. Nikaketishwa mahali pazuri, nikaletewa gilasi ya kinywaji chekundu. Nikamwuliza msichana aliyenipa, hiki ni cha nini? Akakitazama, akanijibu, "Ni chekundu, bibi." Nikanywa. Kweli kilikuwa chekundu, na zaidi ya hapo hakikuwa na lolote. Sasa niambie wewe mwenzangu, mtu aliyelelewa katika nyumba ya bibi yangu atanyamaza vipi?

Bibi ndiye aliyekuwa akiupikia mtaa wetu sharubati. Harusi, hitima, maulidi, watu walimjia yeye. Na mimi nilikuwa msaidizi wake, maana yake nilikuwa mtu wa kuteseka. Ilikuwa miaka ya vita na sukari ilikuwa ya kupimiwa. Nilitumwa dukani kwa Mhindi mmoja, Mwislamu mwenzetu, nikasimama foleni na kikapu mpaka utosi ukawaka moto, na nikifika mbele naambiwa kwa upole kwamba sukari imekwisha, nije kesho, na nimsalimie bibi. Salamu nilizifikisha. Bibi alizipokea, kisha akaniuliza sukari iko wapi, kana kwamba nimeificha.

Sukari ikipatikana, kazi ndiyo kwanza inaanza. Nanasi lilimenywa na maganda yake yakachemshwa na tangawizi na mdalasini. Iliki ziliwekwa mbichi, zikiwa zimepasuliwa tu, kwa sababu bibi alisema iliki iliyopondwa hupiga kelele kinywani. Karafuu zilihesabiwa, na ole wangu nikizidisha moja. Halafu kuchuja kwa kitambaa cha melimeli, na kuchuja tena, huku mikono yangu ikinata na nzi wote wa kisiwani wamekuja kunitembelea. Chupa zilifukizwa ubani kwenye chetezo kabla ya kutiwa kitu, zikazibwa, zikapandishwa darini zikae hadi ladha zipatane. Nilikatazwa hata kuzigusa. "Hutaki kutulia?" bibi alikuwa akiniuliza. "Ukifunua mbee ya wakati utaiharibu."

Mwaka ninaokusudia, kazi hiyo ilikuwa ya nyumbani kwetu wenyewe. Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa ameposwa na mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Bondeni, rafiki wa babu. Alikuwa na mali na alikuwa na mdomo. Alikwisha kuacha wake wawili na wote wawili walirudi makwao wamekonda. Babu, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na mtu wa kauli moja, alikuwa ameshamkubalia. Mama mdogo hakuulizwa kwa namna ya kuweza kujibu. Alikaa jikoni akilia juu ya masufuria, na bibi hakumwambia pole hata mara moja. "Lia baadaye," alimwambia. "Saa hizi nipe iliki."

Mimi nilimwona bibi ana moyo wa jiwe, nakwambia kweli.

Kwetu posa haikujibiwa kwa maneno matupu. Wageni walikuja, ikasomwa Fatiha, wakanywa sharubati ya bibi, na hapo ndipo neno lilipofungwa. Babu mwenyewe ndiye aliyeishikilia desturi hiyo na kujivunia mbele za watu. Wageni wakaambiwa waje Ijumaa baada ya Alasiri.

Alhamisi asubuhi tukasikia mlio darini. Nilipopanda nilikuta kizibo kimeruka na chupa inatoka povu, na nyingine zinatoa sauti ndogo ndani. Babu akaitwa. Aliinamia chupa, akasikiliza, akanusa, akarudi nyuma.

"Ii ishakuwa ulevi," alisema. "Imwageni yote."

"Na wageni, bwana?" bibi akauliza kwa adabu.

"Wangojee."

Sukari yangu yote ya foleni ikaenda mferejini. Mbuzi wa jirani alikuja akailamba, akashinda akigonga kichwa kwenye mlango wetu. Bibi aliniambia tu kwamba joto limezidi, nichukue kikapu, nirudi foleni.

Tukapika tena. Nikachuja tena, nikafukiza tena, na safari hii nilizilinda chupa hizo kwa macho yangu yote mawili. Zikatoa povu vilevile. Babu akaamuru zimwagwe vilevile. Nilikasirika mpaka nikamwambia bibi labda mkono wake umezeeka. Alinitazama kidogo, akasema, "Labda, mwanangu," akaendelea kukunja kitambaa chake.

Unajua mtaa ulivyo. Harufu ya mferejini ikawa habari, habari ikatembea, na ilipofika Bondeni ilikuwa imeshavaa nguo nyingine: nyumba ya mwalimu inapika ulevi. Chuoni wenzangu wakaniita mjukuu wa mgema, kwa sauti ya chini babu asisikie. Kabla hatujapata sukari ya kupikia tena, dada yake yule mfanyabiashara akaja kwa bibi, amefunika pua kwa ncha ya buibui, akasema ndugu yake ameghairi. Wao ni watu wa dini, alisema.

Bibi akamwitikia taratibu, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwombea afike salama.

Babu aliumia, lakini amlaumu nani? Yeye ndiye aliyesema imwagwe. Aliyelipa ni bibi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemjia tena kumwomba sharubati. Watu walimsalimia vizuri, wakamuuliza hali, kisha wakaipeleka sukari yao kwa jirani wa nyumba ya pili, mwanamke aliyepika kila kitu kana kwamba anapikia wagonjwa. Bibi hakujitetea. Jambo hilo lilinitia wazimu. Sema neno, basi, nilikuwa nikimwomba. Sema ni joto. Sema ni sukari mbovu ya vita. Yeye ananiambia niende nikasome.

Baadaye mama mdogo aliolewa na fundi wa makanda, ile mifuko ya ukili, kijana mcheshi aliyemtaka mwenyewe. Harusi ilifanywa nyumbani kwetu, na sharubati ililetwa na jirani. Ndani ya nyumba yetu! Bibi alipewa gilasi kama mgeni. Akainywa yote, akaiweka chini, akasema, "Karafuu zimezidi." Mama mdogo, bibi harusi mwenye hina mpaka viwikoni, alimtazama mamake, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakapiga vigelegele wakidhani ni haya.

Bibi alipofariki ndipo mama mdogo aliponieleza. Wakati ule unga wa mikate tuliuumua kwa tembo bichi la mnazi, likiletwa asubuhi kabla halijawa kali. Mama mdogo alimwona mamake akipanda darini na kijiko cha tembo hilo, akizibua chupa moja moja, akitia, akiziba. Tembo na nanasi na joto la Mombasa, kilichobaki kilijifanyia chenyewe. Hawakulizungumza kamwe. Yule mtu asingekataliwa kwa maneno, kwa hiyo alikataliwa kwa povu.

Nami nikakasirika upya. Kwa nini hakuniambia mimi? Mimi niliyesimama juani, mimi niliyeitwa mjukuu wa mgema? Lakini najua kwa nini. Ningesema.

Leo darini pamewekwa tangi la maji, melimeli haiulizwi dukani, na mananasi yanauzwa yameshamenywa, maganda yametupwa. Nimejaribu kuipika sharubati ile mara nyingi. Inakuwa tamu na haiwi yenyewe. Nilikuwa kando yake wakati wote, nikinung'unika, na kipimo chake sikukishika, na alipoacha kupika nafasi ya kujifunza ikaisha. Mkono uliokuwa ukisifiwa mtaa mzima aliutoa ukachekwa, na hakuuomba urudi. Mama mdogo alizaa watoto saba na fundi wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuionja sharubati ile.