Mkanda Uliobaki Ndani ya Kamera ya Irja

Veijo alikuwa mbishi tangu ujana wake, na uzee haukumpunguzia kitu. Pale Varkaus, mji mdogo wa Finland, watu wote wa kiwanda cha karatasi walimjua: fundi mitambo asiyetaka kusaidiwa hata kubeba ngazi. Sifa yake ilikuwa mikono. Alikuwa akifunga skrubu ndogo kama punje ya mchele mahali asipopaona, wala hakosei.

Ndiyo maana mkewe Irja, mpenda picha kupita kiasi, alimwachia kazi moja tu. Irja alipiga picha, akachanganya dawa za kusafishia, akachapa. Lakini kuupakia mkanda gizani kwenye gurudumu lake, kabla ya kuutia ndani ya tangi la dawa, hiyo ilikuwa kazi ya Veijo. Walikuwa na gurudumu la chuma, waya uliozungushwa kama koili ya jiko la umeme. Mkanda unaupinda kidogo kwa vidole, unauanzia katikati, unauzungusha kuja nje, na kila mzunguko lazima ukae kwenye njia yake. Mizunguko ikigusana, dawa haifiki hapo, na picha imekwenda. Kazi hiyo Veijo aliifanyia ndani ya sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, maana nyumba yao haikuwa na chumba kingine kisicho na dirisha. Hakuharibu hata mkanda mmoja.

Sasa Irja yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ng'ambo ya mfereji, na kumbukumbu zimemtoka. Hamjui Veijo. Humwita "bwana wa hita", akidhani amekuja kutengeneza hita ya chumbani. Lakini jambo moja limebaki: kila Veijo akiketi karibu naye, humuuliza picha zake za kiangazi ziko wapi. Mwanzoni Veijo aliona ni maneno ya ugonjwa tu. Kisha siku moja akatoa kamera ya mkewe kabatini, akakuta mkanda ndani, umepigwa wote. Ulikuwa wa kiangazi cha mwisho kwenye kibanda chao cha ziwani, Irja angali akijua majina ya watu.

Akajiambia kwamba Irja akiziona picha hizo, huenda akamkumbuka, hata kwa saa moja. Hakutaka zaidi ya hapo.

Akatoa gurudumu la chuma, na mkanda mbovu wa kufanyia mazoezi. Wapi! Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka tangu mwaka uliopita, naye alikuwa akiificha mifukoni watu wasione. Alijaribu macho wazi, akajaribu amefumba, na kila mara mkanda uliruka njia ukajikunja. Akalitupa gurudumu kwenye kochi na kulitukana. Halafu akaona haya, kwa sababu gurudumu halikuwa na kosa.

Akaenda kwa Ilpo, mwenye duka la kamera. Ilpo alimshauri kwanza autume mkanda kwa wasafishaji wa Helsinki. Veijo akasema picha za nyumba yake hazijawahi kusafishwa na mtu wa nje, wala hazitaanza leo. Basi Ilpo akampangia matangi mezani. La plastiki ndilo lililomfaa: unachomeka ncha ya mkanda pembeni mwa gurudumu, unazungusha huku na huku, na mkanda unajivuta wenyewe ndani. Halihitaji mikono ya fundi. Ilpo hakuyasema hayo mbele yake, lakini alikuwa ameshaiona ile mikono. Palikuwa na tangi refu la mikanda miwili na fupi la mmoja. Veijo akachukua fupi, maana mkanda mwingine wa Irja hautakuwapo.

"Ila gurudumu lake halipatani na maji wakati wa kupakia," Ilpo alisema. "Likipata unyevu kidogo tu, mkanda unanata, hauendi mbele wala nyuma. Chukua na huu mfuko mweusi usiopitisha mwanga. Unaingiza mikono tu, unapakia hata mezani kwako."

"Mfuko wa nini? Nina sauna."

"Sauna, mzee wangu?"

"Nimepakia humo tangu wewe hujaota ndevu."

Ilpo akaurudisha mfuko mahali pake. Huku kwetu mtu akishakataa mara moja, habembelezwi.

Wiki nzima gurudumu la plastiki lilikaa juu ya hita likikauka. Veijo alifanya mazoezi sebuleni, na mkanda mbovu ukaingia bila taabu, hata akacheka peke yake. Jumamosi akaoga sauna, kama kila Jumamosi. Jumapili akapapasa benchi na sakafu, akaona pakavu. Lakini mbao za sauna hazitoi maji yake yote kwa siku moja, na yeye akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa taulo, akaanza kupumua humo, na pumzi ikaongeza unyevu. Lile la chuma halikujali unyevu, ndiyo maana miaka yote hiyo hakuwahi kuujali yeye pia.

Mkanda uliingia vizuri hadi katikati, ukasimama. Akazungusha, ukagoma. Hapo angepaswa kuufungia ndani ya tangi, angoje unyevu ukauke. Lakini alikuwa Veijo. Akausukuma kwa kidole gumba, akausikia ukijikunja gizani. Akasukuma tena. Jasho likamtiririka hadi kwenye vidole, na vidole vikazidi kutetemeka. Mwishowe akaushindilia tangini vyovyote vile, na alipomimina dawa alikuwa akilia.

Mkanda ulitoka na mabaka meupe na mikunjo toka mwanzo hadi mwisho. Mahali pamoja tu palionekana kitu: ubao wa gati na kiatu chake mwenyewe.

Hakutaka kumwonyesha. Lakini Irja aliuliza kama kawaida, na Veijo akautoa mfukoni. Irja akaushika kwa kingo, vilevile kama zamani, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yakawa ya mtu aliye kazini.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

Irja akamrudishia taratibu, kwa huruma.

"Usijilaumu, bwana wa hita. Kazi hii ina mtu wake. Mpe mume wangu. Veijo mikono yake imetulia."

Jina hilo hakuwa amelitaja tangu aletwe pale.

"Nitampa," alisema Veijo, akaukunja mkanda, akarudisha mikono mifukoni. Irja alitazama nje kidogo, kisha akamgeukia na kumuuliza picha zake za kiangazi ziko wapi.