Eda Iliyokwisha Bila Kukaliwa

Masouda hakuwa mtu wa kulalamika, na kwa hilo jirani zake wa Wadi Kabir walimwona mkaidi, maana wao walilalamika kutwa: joto, mbu, vumbi, makuti yanayovuja mvua ikijidai kunyesha. Alikuja Maskati mwaka wa 1964 na mumewe Mahfoudh na binti yao Hamdiya, kutoka Malindi ya Unguja, ambako mambo yaliwageukia usiku mmoja wa mapinduzi. Walikuja na masanduku mawili na bunda la nyuzi. Masouda alikuwa fundi wa makofia. Mahfoudh alikuwa dereva, aliyezoea kushusha karafuu mjini kwa lori. Maskati ya siku zile magari yalihesabika kwa vidole na kila gari lilikuwa na mwenyewe. Mwenye malori ya kutosha lilikuwa jeshi.

Mahfoudh akaenda kujiandikisha. Karani akamuuliza kwao wapi. Mtu mwingine angesema Wadi Kabir, uliza nyumba ya Masouda mshona kofia, yakaisha. Lakini Mahfoudh alikuwa amechoka kuitwa Mzinjibari na kila muuza samaki. Akataja kijiji cha Sharqiya, bara ya Omani, alikotoka babu yake, kijiji ambacho yeye mwenyewe hajapata kukikanyaga. Karani akaandika. Jioni alimhadithia mkewe kwa fahari, akasema mwacha asili ni mtumwa. Masouda alicheka, akamuuliza kama huko kwao kuna hata mtu mmoja anayeijua sura yake. Mahfoudh akaomba chai.

Wakampeleka kusini, Dhofar, kwenye vita ambavyo watu wa Maskati walivizungumza kwa sauti ya chini. Kila mwaka alirudi likizo mara moja, amekonda kuliko mwaka uliopita. Hakupenda kuhadithia. Siku moja tu alisema kwamba lori lake hupandisha mapipa ya petroli milimani, na nusu ya mapipa huyachoma njiani ili kuifikisha nusu iliyobaki, na askari wakishaipata huitumia kuendea mahali pengine, ambako nako lazima wapelekewe petroli. Alisema hivyo akalala, saa nane za mchana, na viatu miguuni.

Mafuta ya nchi yalipoanza kuuzwa nje, watu walisema dhiki imekwisha, sasa tutaona skuli na hospitali. Walichokiona ni makasha ya risasi yakishushwa bandarini Matrah. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa mwaka huo huo, akisubiri dawa. Risasi ina bahati kuliko mgonjwa. Haijapata kukosa usafiri.

Mwaka wa 1969 barua za Mahfoudh zilikatika mwezi wa Rajabu. Masouda hakushtuka. Barua za kusini zilizoea kuchelewa, na miezi mitatu bila ya salamu haikuwa ajabu. Shaaban ikapita. Ramadhani akafunga, akafuturu, akamwombea mumewe afya. Siku ya Idd alivaa nguo mpya. Katikati ya mwezi huo wa Mfunguo Mosi, Bi Sayyida, shoga yake wa nyumba ya pili, alimwoza bintiye Muhsina, na Masouda akapakwa hina mpaka kwenye viwiko, akajifukiza udi, akacheza mpaka miguu ikavimba. Wenziwe walimtania kwamba mume akirudi atamkuta bado ananukia.

Mwezi uliofuata, tarehe ishirini ya Mfunguo Pili, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja wa bara alifika na punda na sanduku la bati. Jina lake Muslim bin Saif. Alizungumza Kiarabu cha Sharqiya, kizito, na Masouda alikifuata kwa shida. Alisema yeye ni mkubwa wa ukoo, na amekuja kumpa mkono wa taazia mjane wa ndugu yao Mahfoudh. Akaongeza kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa, maana bila shaka wenyewe msiba wameshauzoea.

Masouda akamwambia ameipotea nyumba. Mzee akafungua sanduku, na ndani mlikuwa na shati la Mahfoudh, alilolishona Masouda kwa mkono wake.

Ikajulikana basi ilivyokuwa. Lori lilikanyaga bomu lililofukiwa njiani, tarehe tano ya Rajabu, na Mahfoudh akazikwa huko huko. Khabari na sanduku vikapelekwa Sharqiya, kama alivyoandikisha mwenyewe. Kijijini wazee walikumbuka jina la babu yake. Wakamwekea matanga ya siku tatu, wakachinja mbuzi. Sandukuni walikuta barua za Masouda, zimeandikwa kwa harufi za Kiarabu, wakazisoma harufi zote bila ya kufahamu hata neno moja, maana maneno yalikuwa ya Kiswahili. Zikakaa hivyo mpaka akapita mtu aliyewahi kuishi Unguja, akawaambia marehemu ana mke Wadi Kabir.

Masouda hakupiga kelele. Alivua bangili, akazifunga kwenye kitambaa, akamtuma Hamdiya kwa Maalim Yaarub aje amwambie namna ya kukaa eda, maana alitaka kuanza saa ile ile. Kitu kimoja tu alikitaka duniani: chumba, mlango uliofungwa, na miezi minne na siku kumi za kumlilia mumewe kama wanavyoliliwa waume wa watu.

Maalim Yaarub alikuwa Mzinjibari mwenzao, mtu mpole, na siku hiyo upole wake ulimtesa. Aliuliza tarehe ya kifo. Akahesabu kwa vidole, akarudia tena kuhesabu akitumai amekosea.

"Bi Masouda," alisema, "eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya khabari. Yako imekwisha siku tano hizi."

"Nihesabie tangu leo, Maalim."

"Sina uwezo huo. Ukijifungia, utakuwa umejifungia tu. Eda huna."

Masouda akaitazama mikono yake. Hina ya harusi ilikuwa bado imebaki kwenye kucha. Alisema polepole kwamba amecheza ngoma na mumewe yumo kaburini. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko msiba, na alijua si haki.

Kisha akamgeukia Mzee Muslim, akamuuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga:

"Katika hayo matanga yenu, nani alilia?"

Mzee alikuwa mtu wa kweli. Alisema: "Tulisoma khitma, mwanangu. Tulikula, tukamwombea. Lakini kulia... hapakuwa na mtu anayemjua."

Masouda akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Miezi minne na siku kumi na tano mtu amelala udongoni bila ya chozi hata moja, na yeye mwenye chozi alikuwa akipakwa hina. Alijaribu kulia pale pale, chozi halikutoka.

Wageni walikuwa hawajapewa hata kahawa. Ndani ya mkebe mlibaki vumbi tu la buni. Hamdiya, aliyekuwa na miaka kumi na minne na macho yamemvimba, akajitanda buibui ili akimbilie dukani, kwani mjane hatoki nje na hilo kila mtoto analijua.

Masouda alimshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka, akalichukua buibui lile akajitanda mwenyewe.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Mie sina eda."

Akatoka, akenda dukani kununua kahawa.