Mama Lishe Asiyeonja

Jumanne niliingia kwenye kibanda cha mama lishe pale Mikumi, nikaagiza wali maharage. Akaniambia, "Kaka, lete kiganja." Akanidondoshea mchuzi. "Chumvi je?"

"Mbona huonji mwenyewe?"

"Nimeacha. Kuonja kwangu kulikuwa sahani nzima kabla ya saa sita, na magoti yamechoka kunibeba."

Nikalamba, nikasema imekolea. Mwiko ukaanza kwenda mdomoni mwake kwa mazoea. Akashtuka, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji, kisha akanikazia macho.

"Kweli, au unanionea haya?"

Nikakiri kwamba bado. Akaongeza chumvi, akataka kiganja tena.

Mimi huapa kuacha kudokoa nikiwa nimeshiba. Yeye ameapa akiwa ameshika mwiko.