Mifugo ya Baba Mkwe Chini ya Mwamba

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Waliosoma mpaka wakachoka wamekunywa maji ya visima vyangu kutoka Igamba mpaka Itaka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza cheti kabla ya kuinua kikombe. Nyumba yangu ya Tunduma, yenye bati la rangi, imetoka kwenye sururu na kamba. Lakini kuna kisima kimoja kilichonishinda, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nikikikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanadhani nimepandwa na kitu.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara imekolea, kila kijana wa Tunduma anauza chochote kilichovuka mpaka. Mimi nachimba. Nikampenda binti wa mzee mmoja wa bonde la Songwe, jirani na zile chemchemi za maji moto. Mzee hakunitaka. Alinitazama viatu, akanitazama mikono, kisha akasema:

"Wewe si mchimbaji? Chimba hapo uani. Maji yakitoka, na yakanyweka, mchukue binti. Yasiponyweka, njia uliyojia bado haijaota majani."

Nilitaka kumkumbatia! Kuambiwa chimba, mimi? Ni kama kumwambia samaki aogelee ndipo apewe mke.

Siku ya tisa nilifika kwenye mwamba. Sisi wachimbaji hatushuki kabla ya kutanguliza kibatari ndani ya ndoo. Kikizimika, chini kuna hewa mbaya, unakaa juu. Asubuhi ile kiliwaka vizuri. Nikashuka nacho, mwenzangu akabaki juu na kamba. Nikaupiga mwamba kwa tindo mpaka ukapasuka, na kwenye ule ufa maji yakaja. Yalikuja na mapovu! Vuguvugu, yanatekenya miguu kama soda iliyotikiswa. Nikaonja, yakauma ulimi. Nikaanza kucheka. Mke nimempata, najiambia, tena na soda ya harusi juu yake.

Kibatari kikazimika.

Hapo ndipo pa kutoka, kila mchimbaji anajua. Nikatazama juu nimwite mwenzangu. Badala yake nikaona kitenge. Mwenzangu alikuwa amekwenda vichakani kujisaidia, na mama mkwe, akidhani shimo ni tupu, amekuja kuchungulia.

Kwetu enzi zile mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mchumba wake, wala hawasemezani. Ukimwona njiani unaingia porini. Mimi pori ningelitoa wapi mle? Tena nilivaa kaptula iliyopasuka nyuma yote. Mwenye akili angepiga kelele. Mimi nilijibanza ukutani nikangoja aondoke. Hakuondoka. Na hewa ile ni nzito, inajaa chini kama maji kwenye beseni. Pumzi zikawa fupi, kichwa kikawa chepesi, nikazidi kucheka.

"Nani anacheka humo?"

Kumjibu siwezi. Nikaisemesha ndoo. "Ndoo, mwambie mama mwenye mji huu asogee, aliyeko huku anataka kupanda."

Halafu naye akaisemesha ndoo. "Ndoo, mwulize huyo, mbona sauti yake ya kilevi?"

"Ndoo, mwambie sijanywa. Magoti ndiyo yamelewa."

"Ndoo, mwambie ajifunge kamba." Akasita. "Ah, ndoo kitu gani! Wewe mwanangu, jifunge kamba, unakufa!"

Nikajifunga, sijui vipi. Akavuta huku akipiga yowe, mwenzangu akaja mbio akishikilia suruali, wakanitoa kama kambale kwenye tope. Nililala kifudifudi, kaptula na aibu yake ikitazama mbinguni. Mama mkwe alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Analia au anacheka, mpaka leo hajaniambia.

Baba mkwe yeye alikwenda kwenye shimo, akatega sikio. Chini kunatokota.

"Kinapumua," akasema. "Humo mna kitu hai. Fukia, uende kwenu."

Mdomo wangu hauna breki. "Mzee, mwamba ule nimeupasua mimi. Hakuna jua, hakuna jani. Kitu hai kitakula nini?"

"Nilisema maji yanyweke. Utayanywa wewe?"

Wiki hiyo kulikuwa na wataalamu wamepiga kambi kwenye chemchemi, wanakinga mapovu kwa faneli na kuyafungia kwenye chupa. Mmoja wao alikuwa dada wa hapa hapa Tanzania, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Nikamkimbilia nikiwa bado na tope masikioni. "Dada, naomba uje umwambie mzee mmoja kwamba chini ya mwamba hakuna kinachoishi. La sivyo nakosa mke." Alicheka, lakini alikuja.

Hakuruhusu mtu kushuka. Aliteremsha bomba la mpira na chupa, akapima hewa, kisha akaketi na mzee. "Hewa hii ndiyo inayotoa povu kwenye soda," akasema. "Inapanda kutoka kwenye miamba ya moto, chini sana. Ikijaa shimoni inaua."

"Umesikia mzee?" nikaruka. "Hewa tu!"

"Ngoja, kaka. Mzee naye hajakosea."

Nikakaa chini.

Akaeleza kwamba kwingine wametoboa chini sana, wakakuta ndani ya nyufa za miamba vijidudu visivyoonekana kwa macho. Jua hawalijui. Mwamba na maji vikikutana joto lilipo, hutoa hewa nyingine, nyepesi, na hiyo ndiyo chakula chao, kama ng'ombe na majani. "Kama na hapa wamo, nitajua nikishapima. Lakini mimi nimekuja huku kwa sababu yao."

Mzee alisimama, akacheza! Miaka yote aliyokuwa nayo, akarusha fimbo, akaita majirani. "Darasa la tatu! Waambie alichosema dada!" Ikanibidi niseme mbele ya watu kwamba chini ya mwamba kunaishika. Akataka nirudie. Nikarudia. Shahidi nimemleta mwenyewe, na kesi ameniangusha. Mke basi tena.

Mzee akamgeukia dada. "Wako wangapi?"

"Hawahesabiki, mzee."

"Wanachungwa?"

"Hapana."

"Wanaibika?"

"Mwizi atawafikiaje?"

Akanitazama mikono tena, safari hii taratibu. "Wachumba wengine wameniletea maneno. Huyu mbishi amenifungulia zizi lisilo na mchungaji wala mwizi. Hili tulifunike, tusiwasumbue wenyewe. Maji ya kunywa utachimba kule juu ya mteremko. Na huko utachimba ukiwa mkwe wangu."

Nilipiga kelele, nadhani mpaka ng'ambo ya mto walisikia. Majirani wakashangilia wasichokielewa. Ndipo ikatoka sauti nyuma ya ukuta wa jikoni:

"Ndoo, mwambie huyo, kisima cha pili avae suruali nzima."