Mluzi Bila Jino la Mbele

Basi letu lilikwenda kwa meno yangu. Sitanii. Miaka ya themanini nilikuwa kondakta wa basi lililotoka Kanyangi asubuhi, likapita Matiliku, likaishia Emali. Kati ya dereva na mlango wa nyuma nilikosimama kulikuwa na kuku, magunia ya ndengu na kelele ya injini iliyozidi ya mashine ya kusaga. Nikipiga bodi kofi, dereva hasikii. Alisikia mluzi tu. Mmoja mrefu, simama. Miwili mifupi, twende. Niliupiga kwa ulimi na meno ya mbele, bila kidole, maana mkono mmoja ulishika chuma cha mlango na mwingine tiketi.

Na meno hayohayo ndiyo niliyoyatesa. Sisi watu wa magari tulikula tulichopata: soda na mandazi Emali, miwa njiani, miraa na chingamu kwa wenye safari ndefu. Mswaki ulikuwa wa Jumapili kabla ya kanisa. Tena nilikuwa na mchezo wangu wa kufungua soda kwa meno. Nilifungua, nikatema kizibo, wasichana wakacheka. Siku moja pale Emali kizibo kilitoka pamoja na kipande cha jino.

Sikujali mpaka kilichobaki kikaanza kuoza na kuuma. Nikaweka karafuu, nikaweka tumbaku. Dereva, ambaye alinipenda kama mdogo wake, akaniletea dawa ya madereva: pamba iliyochovywa kwenye maji ya betri.

"Weka hapo. Litanyamaza."

"Litanyamaza jino ama ni mimi?"

Tulinyamaza wawili, mimi na ulimi wangu. Uliungua hata nikashindwa kumtukana. Jino lenyewe liliendelea kama kawaida.

Kesho yake shavu lilikuwa limefura, dereva mwenyewe akanipeleka hospitali. Daktari wa meno, mama mpole mwenye mikono ya nguvu, alitazama akasema linatoka.

"Daktari, hilo ni la kazi," nikamwomba.

Alicheka, akaling'oa. Kisha akanionyesha namna ya kupiga mswaki, jioni hasa, akaniambia kila chupa ina kifungulio chake, na si mimi.

Niliporudi mlangoni nikapiga mluzi, ukatoka upepo mtupu. Matiliku tulimpitisha mzee mmoja kituo chake, akarudi kwa miguu akinisema kwa Kikamba kisicho na huruma. Habari zikamfikia mwenye basi. Dereva akaniletea ujumbe bila kuficha: mluzi usiporudi kufikia siku ya soko, mlango anapewa mtu mwingine.

Siku ya soko ikafika, kidonda kimefunga, mluzi bado. Jioni tulipoondoka Emali, kiti cha mwisho alikaa mama mzee, mchuuzi wa kuku, abiria wetu wa kila soko. Tulimwita Mwaitu, kama tunavyomwita mama yeyote kwetu.

"Kondakta, unatuita ama unapoza uji?"

"Mwaitu, jino limeenda, na kazi inalifuata."

"Jino! Mimi niko na mangapi?"

Akafungua mdomo. Mbele hakukuwa na hata moja. Akanipa kuku nimshikie, akakunja midomo ndani, akatia vidole viwili. Mluzi uliotoka ulitoboa basi zima. Dereva akakanyaga breki.

"Mwanamke hapigi mluzi!" mzee mmoja wa kanisa akasema kutoka mbele.

"Mbuzi wa baba hawakuambiwa hivyo. Niliwachunga mimi, kaka zangu wakiwa shule."

Basi likaangua kicheko. Tukaendelea na safari, yeye akinifundisha.

"Midomo ifunike ufizi. Ulimi rudisha nyuma. Puliza kidogo, huzimi moto!"

Nilitia tiketi mfukoni ili vidole vipate nafasi. Nikapuliza, nikamtemea kuku mate, watu wakamwonea kuku huruma. Tulipita Matiliku bado napuliza. Kila abiria akawa mwalimu, hata yule mzee wa kanisa, aliyesema ulimi wangu ni mvivu. Kisha, karibu na kwa Mwaitu, kikatoka kitu chembamba kama sauti ya kifaranga, nikavuta pumzi, kikatoka chote: mmoja mrefu. Basi likasimama. Watu wakapiga makofi, na dereva akapiga honi kama ya harusi.

Nimezunguka miji mingi tangu hapo, na kila jioni, popote nilipo, napiga mswaki. Pengo sijaliziba.

Jioni ile Mwaitu akashuka na kuku wake. Nikapiga miwili mifupi, basi likang'oka. Kabla hatujafika mbali, nyuma yetu ukalia mluzi mmoja mrefu, na basi likasimama tena. Nikachungulia. Mwaitu alikuwa katikati ya barabara, ameshika tumbo kwa kucheka.

"Nani amesimamisha gari?" nikapaza sauti.

"Ni kondakta," dereva akajibu. "Wewe bado unajifunza."