Bwana Mkono na Pikapu ya Mama Viti

Jina la Bwana Mkono hakujipachika mwenyewe, lilitoka kwa wateja. Gari likiingia gerejini linalalamika upande wa usukani, mafundi wengine huuliza maswali chungu nzima. Yeye alikuwa akimwomba mtu akae ndani ageuze usukani kushoto na kulia, kisha anajitupa chini ya gari, anaweka kiganja juu ya chuma kimoja baada ya kingine, na kufumba macho. Akitoka huko chini, vumbi mgongo mzima, alisema, "Ni hiki," na kilikuwa hicho. Watu walileta magari kutoka mbali, wakapita gereji zenye mabango makubwa ya rangi, ili tu mkono ule uguse vyuma vyao.

Gereji ilikuwa yake na mdogo wake, tumbo moja. Waliianza wakiwa vijana wasio na mbele wala nyuma, chini ya bati lililokuwa likivuja. Mdogo mtu alishika injini, yeye akashika usukani na miguu ya mbele. Wakazeeka hivyo, mmoja kichwa ndani ya boneti, mwingine miguu ikichungulia chini ya gari, wakitaniana bila kuonana.

Kwa muda sasa kulikuwa na mambo madogo madogo ambayo hakumwambia mtu. Nati ilikuwa inakataa kukamata uzi, anaizungusha na inamponyoka, anaitafuta mchangani huku akijifanya anatafuta spana. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani. Mke wake, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, alianza kumjazia kikombe nusu bila kusema neno. Siku moja alimuuliza mkono una nini.

"Mama watoto, nimeshinda na nyundo kutwa nzima," alijibu. "Unataka mkono utulie kama wa kinyozi?"

Mke alicheka, lakini kicheko kiliishia njiani.

Basi ndipo ikaja pikapu ya Mama Viti. Mama huyo alikuwa akikodisha viti na maturubai kwa wenye harusi na wenye misiba, na pikapu yake nyeupe, iliyoliwa na kutu juu ya magurudumu, ndiyo iliyombebea riziki. Alikuwa mwanamke wa maneno. Alishuka akaeleza yote kwa pumzi moja: akikata kona gari linaguna kama mtu aliyeamshwa usingizini, akipita shimo linagonga ko, na akikanyaga mafuta barabara kuu usukani unamchezea mikononi. Akasema abiria wake ni viti, havijui kulalamika, kwa hiyo amekuja kulalamika kwa niaba yao. Kesho yake jioni alitaka gari lake, maana asubuhi inayofuata alikuwa na msiba wa kuhudumia.

Bwana Mkono akamwambia hayo ni magonjwa matatu katika mwili mmoja, na kila moja lina dawa yake. Mama Viti akaondoka ametulia.

Aliianza kazi kesho yake asubuhi, na asubuhi ilikwenda vizuri. Mguno ulikuwa rahisi. Alifungua kikopo cha oili ya usukani akakuta oili imepungua, imeungua, ina povu juu. Mpira wa kupitisha oili ulikuwa umelowa kwenye maungio, na mkanda unaozungusha pampu ulikuwa umelegea. Pampu ikinyonya hewa badala ya oili lazima igune. Alibadilisha mpira, akakaza mkanda, akajaza oili mpya. Kisha akainua magurudumu ya mbele juu ya jeki na kuzungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, taratibu, hewa ikitoka na povu likipungua, hadi mguno ukafa. Alitabasamu peke yake.

Ugonjwa wa pili ulikuwa ule mlio wa ko. Alishika gurudumu kwa mikono miwili, huku na huku, akalisukasuka. Likacheza. Kichwa cha tairodi, kile kifundo kinachopokea amri ya usukani na kuipeleka kwenye gurudumu, kilikuwa kimekwisha. Akakigonga kikatoka, akaweka kipya, akafunga nati. Hapo ikabaki kazi ya mwisho, ndogo kuliko zote: kupitisha pini nyembamba kwenye tundu lililo mbele ya nati na kuikunja miguu, ili nati isirudi nyuma gari likiwa njiani. Kazi hiyo alikuwa akiifanya huku anapiga soga. Siku hiyo pini ilimkataa. Ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Alimpa mdogo wake mgongo ili asionekane. Jasho lilimtoka hata macho yakawa hayaoni vizuri. Hatimaye akahisi pini imezama, akaikunja, akashusha pumzi.

Ukabaki mtetemo. Alipeleka magurudumu kwa jirani yake fundi wa matairi, yakapimwa, yakabandikwa vipande vya risasi pale palipopungua uzito. Akayafunga, akatoka na gari peke yake hadi barabara kuu. Alipokanyaga mafuta, usukani ukamtetemekea viganjani. Akarudi. Akahamisha magurudumu ya nyuma kuja mbele, akatoka tena. Mtetemo. Akakagua beringi, hazina neno. Akakagua bushi, nzima. Akamrudia fundi wa matairi na kumwambia mashine yake imeharibika, na yule naye, mtu mzima mwenye heshima zake, akamjibu kuwa mashine iko sawa, labda aangalie kwingine. Waliagana bila kutazamana. Bwana Mkono hakula mchana. Tangu aanze ufundi hakuna gari lililomnyamazia namna ile, na gari hili hata halikuwa limenyamaza, lilikuwa likisema na yeye ndiye hasikii.

Jioni Mama Viti alifika. Akaambiwa gari halijawa tayari. Akaomba alizungushe kidogo tu aone, akaenda, akarudi uso umemchangamka, akasema gari limekuwa jipya.

"Mama, hilo gari linatetemeka," Bwana Mkono alimwambia. "Siwezi kukupa."

Mwanzoni alidhani anataniwa. Alipoona fundi hacheki, akamtazama mdogo mtu. Yule akaweka chini kitambaa alichokuwa akifutia mikono, akasema twendeni wote watatu.

Walibanana kiti cha mbele, mdogo mtu kwenye usukani, kaka yake kati, Mama Viti dirishani. Barabara kuu walikimbia vya kutosha. Bwana Mkono aliweka kiganja juu ya dashibodi, akasema mnauona? Wenzake wakatikisa vichwa. Akamwomba mdogo wake asimame pembeni wabadilishane. Wakasimama. Akahamia kwenye usukani injini ikiwa inanguruma polepole, gari halijaondoka hata hatua moja, akaushika kwa mikono miwili, na papo hapo ukaanza.

"Ndiyo huu," alisema, karibu kwa furaha. "Ndiyo huu niliokuwa nawaambia."

Mdogo wake aligeukia usukani. Alinyoosha mkono, akazima ufunguo.

Injini ikanyamaza. Malori yalikuwa yakipita kando yao, upepo wake ukitikisa kioo, kisha barabara ikawa tupu na kukawa kimya. Usukani uliendelea kutetemeka.

Bwana Mkono aliuachia. Ukatulia palepale. Akaushika tena, kana kwamba labda hakushika vizuri mara ya kwanza. Mama Viti, yule mwanamke wa maneno, aligeukia dirishani akatazama nje.

"Kaka," mdogo mtu alisema kwa sauti ya chini. "Shuka, niendeshe mimi."

Waliporudi gerejini mdogo mtu aliinua pikapu upya bila kuombwa. Alipita kila nati ambayo kaka yake alikuwa ameigusa siku hiyo. Bwana Mkono alisimama kando mikono kaificha kwapani, akiwa na hasira kwamba anakaguliwa kama mwanafunzi. Hasira hiyo haikudumu. Kwenye kile kichwa kipya cha tairodi, pini haikuwa imeingia tunduni. Ilikuwa imekunjwa vizuri kabisa pembeni, imenaswa na grisi, haishiki kitu. Na nati ilikwisha anza kurudi nyuma. Ingefunguka barabarani, gurudumu lingekwenda linakotaka lenyewe, na mama wa watu aliyekuwa akienda kuhudumia msiba angekuwa msiba mwingine.

Mdogo mtu aliitoa pini ile akaiweka kiganjani, akamwonyesha kaka yake, kisha akaitupa. Akakaza nati, akatia pini mpya. Hakumwambia Mama Viti. Mama Viti alipoondoka alipunga mkono akasema, kwa mazoea tu, "Asante, Bwana Mkono." Hakuwa na nia mbaya, lakini jina lile lilimchoma fundi kuliko kama angetukanwa.

Nyumbani alimwambia mkewe yote, hata habari ya pini. Mke alisikiliza akikunja nguo, akafika mahali akaacha kukunja. Hakusema nilikwambia. Alisema tu kwamba kesho wataenda hospitali, na yeye hakubisha.

Daktari alimtembeza chumbani kwenda na kurudi, akamwambia agongeshe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, akampa kalamu achore mviringo unaojizungusha kama konokono. Mchoro ulitoka kama waya uliokanyagwa. Daktari akaeleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha eleza jambo hilo kwa wengi, kwamba ugonjwa hauko mkononi, uko kichwani, kwenye sehemu inayoamuru viungo. Dawa zipo, zitampunguzia. Kuuondoa haziwezi. Alipoambiwa mgonjwa ni fundi wa magari, akasema kazi hiyo aiache.

Bwana Mkono alikuwa na swali moja. Aliinua mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa mtulivu.

"Na huu?"

"Huo nao utafuata," daktari alisema. "Siwezi kukwambia lini."

Dawa zilimletea saa za utulivu, na saa hizo zilimtesa kuliko zile za kutetemeka. Mkono ukitulia alijipa moyo, alivaa ovaroli, akaenda gerejini, na kabla hajamaliza kulegeza nati moja utulivu ulikuwa umemtoroka. Mdogo wake alimwekea kiti mlangoni ili apokee wateja. Wateja walimweleza matatizo yao kwa heshima, yeye akasikiliza, akasema labda ni boljointi, labda ni msalaba wa nguzo ya usukani. Wakaitikia. Kisha akawaona wakipita ndani na kumweleza mdogo mtu yote upya. Hakuna aliyekosea. Yeye mwenyewe asingemwamini fundi anayetetemeka.

Siku moja akamwambia mdogo wake kwamba hatakuja tena. Mdogo mtu alibembeleza, akasema gereji ni yao wote wawili, kaka akae tu hata kama hagusi kitu. Bwana Mkono akamjibu kwamba kukaa bila kugusa kitu ndiko kunakomuua. Wakaishia hapo, kila mmoja akitazama chini.

Nyumbani siku zilikuwa ndefu. Mke alimfunga vifungo vya shati asubuhi akizungumza habari za majirani ili wote wawili wasifikirie vifungo. Wageni wakija, mume alisema ameshiba, asile mbele yao. Watoto wake, wakubwa na wenye kazi zao, walipiga simu na kuuliza anaendeleaje, naye akasema hajambo, akampa mama yao simu. Usiku mkono ulitulia kabisa akiwa usingizini. Mke alimwambia hivyo akidhani ni habari njema. Mume alishika tama. Ina maana mkono ulikuwa mzima pale tu ambapo yeye mwenyewe hayupo.

Ilipita miezi kabla hajaikaribia gereji tena. Asubuhi moja miguu ilimpeleka yenyewe, hatua fupi fupi kama za mtu anayetembea kwenye utelezi. Mdogo wake alikuwa ametoka kutafuta vipuri. Ndani kulikuwa na pikapu juu ya jeki, na chini yake miguu ya mtu asiyemjua, fundi mwajiriwa mpya. Mtu mwingine aliyekaa ndani ya gari alikuwa akizungusha usukani kushoto na kulia. Mlio ulisikika wazi, kavu, ukija mara moja tu kila usukani unapopita katikati. Bwana Mkono aliujua. Alifungua mdomo.

Yule fundi alijitoa chini, akamwona mzee amesimama, mkono unacheza ubavuni, shati limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo mzee," alisema kwa adabu. "Unasubiri gari lako?"

Bwana Mkono alimtazama. Alitazama pikapu, na mikono ya yule mtu, iliyojaa grisi, imetulia.

"Marahaba," alijibu. "Ndiyo, nasubiri."

"Basi kaa pale kwenye benchi, mzee. Halitachukua muda."

Akaenda akakaa kwenye benchi la wateja, akauweka mkono wa kulia chini ya paja ili usionekane. Fundi akarudi chini ya gari. Usukani ukazungushwa kushoto, ukazungushwa kulia, mlio ukaja, na fundi akapita hapo bila kupaona, akaendelea kutafuta kwingine. Mzee hakusema kitu. Alikaa hivyo mpaka mdogo wake aliporudi, akamwona, akaweka vipuri chini, akaja kumshika mkono na kumpeleka nyumbani.