Tumbo Hili Lisibonyezwe

Mimi ni fundi cherehani, na macho ya fundi hayana likizo. Hata kanisani naona nani amenenepa na nani gauni limeanza kumpwaya. Ndiyo maana hadi leo najiona mjinga, kwa sababu futi kamba yangu iliniambia kabla ya daktari yeyote, nami nikaibishia.

Nilikuwa nampima binti yangu gauni la Krismasi, kibarazani kwangu Rubwera. Alikuwa na miaka minne. Kifua kilikuwa kilekile cha Pasaka, lakini kiuno kilikuwa kimeongezeka vidole vinne. Nikapima tena. Nikamwambia avute tumbo ndani; akavuta pumzi, akacheka, na tumbo halikwenda popote. Nikajisemea ameshiba matoke huyu, nikakata kitambaa kwa vipimo vipya na kuendelea na wateja.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kihanga kula sikukuu nasi. Siku ya kwanza tu, akimwogesha mjukuu wake, aliweka kiganja tumboni akasema, "Bandama." Kwetu mtoto akivimba tumbo baada ya homa ni bandama, na bandama hukandwa kwa samli hadi irudi mahali pake. Mama mkwe ni mkandaji anayejulikana, wanawake huja kwake hata kutoka Rugera na watoto mgongoni. Kwa hiyo kila mchana alimlaza mtoto juu ya mkeka, akapasha samli mikononi, akamkanda huku akimwimbia. Mtoto alipenda. Nami nilipenda, niseme ukweli, maana nilipata nafasi ya kumaliza sare za shule.

Siku ya kumi na mbili aliacha katikati. Akanawa mikono na kuja kusimama mbele ya cherehani yangu.

"Mwanangu, hii si bandama ninayoijua. Bandama hukaa kushoto, hii iko kulia. Na ilipokuwa juzi sipo ilipo leo. Inakua mikononi mwangu. Waitu, nakuomba, twende hospitali."

Tulikwenda Karagwe kesho yake, sisi watatu. Dada wa utrasaundi alimpaka mtoto ile dawa baridi ya kuteleza, akaweka kifaa tumboni, na baada ya muda mfupi nikaona mkono wake umekuwa mwepesi sana, kana kwamba anagusa yai. Hakuniangalia. Aliuliza, "Mama, kuna mtu anamkanda huyu mtoto?"

Nikasema hakuna.

Sijui kwa nini. Labda niliona aibu, maana nina tabia ya kujifanya mwanamke wa kisasa mbele ya watu wenye makoti meupe. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilifundishwa hivyo tangu utotoni, na bado nilidanganya bila kupepesa macho. Mama mkwe ndiye aliyesimama kutoka kwenye kiti cha pembeni na kunyoosha mikono yake yote miwili.

"Ni hii," alisema. "Siku kumi na mbili, kwa samli."

Dada yule hakumkaripia. Alitueleza taratibu kwamba si bandama, ni uvimbe kwenye figo ya kulia, na kwamba uvimbe wa namna ile kwa watoto mara nyingi huwa saratani. Una ngozi nyembamba inayoufunika. Ukibonyezwa unaweza kupasuka, ukamwagika tumboni. Na hata usipopasuka, mahali unapopenda kukimbilia ni kwenye mapafu. Akachukua plasta pana, akaandika kwa kalamu nyeusi TUMBO HILI LISIBONYEZWE, akaibandika kifuani kwenye gauni la Krismasi. Kisha akatuandikia barua ya kwenda Mwanza, kupigwa picha ya CT, ili ijulikane kama ngozi ile ni nzima na kama mapafu ni salama.

Nje ya mlango ule nilimgeukia mama mkwe wangu. Nina hasira za haraka, ukoo wetu wote tuko hivyo, lakini hata kwetu kuna maneno mkwe hasemi. Mimi niliyasema. Nilimwambia asimguse tena mtoto wangu. Nilimwambia kama ugonjwa umefika mapafuni, yeye ndiye aliyeusukuma. Aliifunga mikono yake ndani ya kitenge na kutembea nyuma yetu.

Mwanza sikutaka aje. Lakini mume wangu hakupata ruhusa kazini, na mtoto aligoma kupanda basi bila bibi yake, akalala chini stendi pale na plasta yake kifuani hadi kondakta akacheka. Tukaenda. Safari nzima mtoto alikaa mapajani kwa bibi, na bibi alimshikilia kwa viwiko, viganja vikiwa mbali, kama mtu aliyebeba kitu huku mikono ina unga. Niliona, na kwa ukatili wangu nikaona ni sawa tu.

Kwenye chumba cha CT mtoto aliiona ile mashine yenye tundu na kuanza kupiga mayowe. Fundi wa picha, baba mmoja mtu mzima, alisema hana neno naye, ila lazima alale tuli na mikono iwe juu, na apumue anapoambiwa. Akitikisika, picha za mapafu hutoka na ukungu, na vidoa vidogo havionekani. Mzazi mmoja angeweza kubaki ndani, amevaa aproni nzito ya kuzuia mionzi. Nikanyoosha mkono kuichukua.

"Una ujauzito, mama?" aliuliza.

Nilikuwa nao, wa miezi miwili. Mume wangu tu ndiye aliyejua. Nikasimama pale na mkono wangu hewani, mtoto analia, na nikatikisa kichwa kukubali. Yule baba akaivuta aproni yake, akamtazama mama mkwe.

"Bibi, basi utabaki wewe."

Mama mkwe hakuichukua. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja ruhusa yangu, mwanamke aliyemzaa mume wangu na kunipokea nyumbani kwake, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Nilisema, "Mshike, mama."

Nilitazama kupitia kioo. Alivaa ile aproni iliyomzidi kimo, akainama upande wa kichwani, akaishika mikono ya mtoto karibu na masikio. Walimchoma dawa mshipani, mtoto akalia tena, na bibi akasema naye kwa Kinyambo. Baadaye nilimuuliza alimwambia nini. Alimwambia wako shambani asubuhi, senene ametua kwenye jani mbele yao, na mtu akipumua tu ataruka. Mtoto wangu alishika pumzi kama anavyoishika kila msimu wa senene. Hakutikisika hata mara moja.

Majibu tuliambiwa tufuate kesho yake. Daktari aliniita peke yangu. Mama mkwe alibaki kwenye benchi, na nilipopita alinishika nguo.

"Nikuulize, halafu unijibu ukweli. Nimemuua?"

Siku zote zile nilikuwa nimelitayarisha jibu la swali hilo, na lilikuwa jibu baya. Nilipoiona mikono ile iking'ang'ania nguo yangu lilinitoka kichwani. Nikamwambia, "Inuka, mama. Tutasikia pamoja."

Daktari alisema uvimbe ni mkubwa lakini ngozi yake haijapasuka. Akafungua picha za mapafu, moja baada ya nyingine. Nyeusi ni hewa, alisema, na hewa ndiyo tunayoitaka. Kidoa cheupe kingekuwa habari nyingine. Hapakuwa na kidoa. Alisema picha zimetulia mno kwa mtoto wa umri ule, na kwamba kama tungechelewa hata wiki chache zaidi asingependa kutabiri.

Ya baadaye yalikuwa marefu: dawa za mshipani, upasuaji, figo moja ikatolewa, dawa tena, nywele zikaanguka na zikaota laini kuliko za mwanzo. Sasa yuko darasa la pili, ana mdogo wake anayemtawala, na kila tukirudi kupigwa picha ya kifua anajivua mwenyewe shati na kujipanga. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wote ambao majina yao sikuyauliza. Nashukuru hata foleni za hospitali.

Lakini siku ile ya majibu mama mkwe hakuridhika na maneno. Hajui kusoma, na alitaka kuona. Daktari akamrudishia picha ya kwanza kabisa, ile ambayo mashine huipiga ili ijue ianzie wapi. Mtoto wangu alionekana mzima mzima, mbavu nyembamba na mapafu mawili meusi. Mama mkwe akasogeza uso hadi karibu na kioo cha kompyuta. Juu, pembeni mwa kichwa, palikuwa na mifupa mingine, mirefu, imefumbata mifupa midogo.

"Na hivi ni nini?" aliuliza kwa woga.

"Hiyo ni mikono yako, bibi," daktari alisema. "Ndiyo iliyotuwezesha kuona."